Kibaba, Ratili na Kostiki

Mwenye kukaa Magomeni ya Kilosa, na akawa na desturi ya kupita mabarazani kwa watu saa za jua kupoa, hakosi siku moja kuona ndoo mbili za plastiki, mwiko mrefu na kisanduku cha mbao kilichotandikwa nailoni, akajua ya kuwa katika nyumba ile yumo mtu anayejifunza kupika sabuni. Na akizidi kukaa hakosi pia kusikia neno ambalo ndilo lililonifanya niandike haya. Bibi mmoja jirani yangu, mtu mzima mwenye akili timamu na mkono mwepesi wa kutoa, alimwona binti aliyekuwa akipima kostiki kwenye mizani akizirudisha chembe chache koponi, akamwambia, "Mwanangu, mbona waipunguza? Sabuni isiyo na kostiki haina nguvu, itatakasa nini?" Binti akajibu kwa adabu, "Ndivyo mizani isemavyo, bibi." Bibi akacheka, akasema, "Mizani haifui nguo."

Sikulichukulia neno lile kuwa ni upuuzi wa uzee, kwa kuwa ndani yake, nionavyo mimi, ndimo yalimofichika karibu makosa yote ambayo mwanafunzi wa kazi hii huyafanya kwa kostiki, yale ya kipimo na yale ya tahadhari kadhalika. Kila mtu huiogopa kostiki kwa sababu inaunguza, na hofu hiyo ni ya haki. Walakini mtu huyohuyo anayeiogopa ikiwa ndooni huipenda ikiwa ndani ya sabuni, akidhani ya kuwa ukali ule uliotoboa kanga yake ndio utakaong'oa uchafu wa kola za mashati, na kwa hiyo kila apatapo shaka juu ya kiasi, shaka yake humvuta upande wa kuzidisha. Mambo sivyo yalivyo. Mafuta ya kila namna, yawe ya nazi au shahamu ya ng'ombe, yameundwa kwa asidi zilizoshikamana na glisirini. Kostiki ifikapo huwatenga wawili hao, ikajitwalia asidi, na kitu kinachopatikana kwa kuungana huko kupya ndicho tukiitacho sabuni, huku glisirini ikiachwa huru. Mfaransa Michel Eugène Chevreul ndiye aliyeyapanga maarifa haya katika kitabu chake cha mwaka 1823 juu ya mafuta ya wanyama, naye akajaaliwa umri wa miaka 102, hata alipofariki mwaka 1889 alikuwa amekwisha kuona viwanda vingi vikitajirika kwa yale aliyoyagundua ujanani. Maana yake kwa mtu wa Magomeni ni hii: katika sabuni iliyopimwa sawasawa, kostiki haimo tena. Imetumika, ikaisha. Kinachotoa uchafu ni sabuni yenyewe, ambayo upande mmoja wa umbo lake hupenda maji na upande wa pili hupenda mafuta, ikaushika uchafu wa mafuta na kuuburura majini. Na sabuni ambayo kostiki yake ingalimo ni kazi ambayo haikwisha, ambayo mwenye kuoga nayo hummalizia mpishi kwa ngozi yake mwenyewe.

Lugha nayo imechangia kuyavuruga mambo. Neno soda kwetu hubeba mizigo mingi mno: kuna soda ya kunywa, kuna soda ya kuumulia maandazi, kuna magadi soda yanayolainisha maharage na makande, kuna sodashi ambayo watengeneza sabuni huichanganya katika kazi zao, na kuna kostiki soda, na zote, ukiondoa ile ya kunywa, ni vitu vyeupe vinavyouzwa kwa kupimiwa katika vifuko vinavyofanana. Magadi ni zawadi ya maziwa yetu ya Bonde la Ufa, Natron upande wa Tanzania na Magadi upande wa Kenya, ambako kampuni ya kuyachimba imekuwapo tangu 1911. Ni kitu kipole kwa kulinganisha, na mwanafunzi aliyeambiwa "tia soda" akaenda kununua magadi atakoroga mafuta yake tangu adhuhuri hata magharibi bila ya kuona uji ukishika. Hasara yake ni mafuta na mkono kuchoka. Lakini aliyekosea kwa upande wa pili, akaitia jikoni kostiki kwa kuidhani magadi, hasara yake haisemeki. Watu wa kale walijua tofauti hiyo vizuri, maana waliyachemsha magadi au majivu pamoja na chokaa ili yapate ukali, na kutokana na Waarabu, waliotuachia neno sabuni, Wazungu nao walichukua neno lao la jamii hii ya vitu vikali, kwa kuwa alkali asili yake ni al-qali, majivu ya mimea ya sehemu za chumvi.

Basi na tuje kwenye kipimo, maana hapa ndipo penye mengi. Pwani yetu ya zamani ilikuwa na koo mbili za vipimo, na wafanyabiashara hawakuzichanganya: palikuwa na kibaba, na pishi iliyo vibaba vinne, navyo vilipima ujazo, vikatumika kwa nafaka, na palikuwa na wakia, ratili, na frasila iliyo ratili thelathini na tano, karibu kilo kumi na sita, navyo vilipima uzito, vikatumika kwa karafuu na pembe za ndovu. Hakuna mtu aliyepata kununua pembe kwa pishi. Kostiki ni ya ukoo wa ratili, lakini mwanafunzi huichukua kama ya ukoo wa kibaba, akaichota kwa kikombe cha chai au kifuniko cha kopo, kwa kuwa ndivyo alivyofundishwa kwa mdomo: vikombe viwili kwa lita tano za mafuta. Kikombe cha nani? Na kostiki ya sura gani? Kwa maana iko inayokuja kwa magamba bapa na iko inayokuja kwa punje za mviringo kama mbegu, na magamba huacha nafasi nyingi baina yao kuliko punje, hata kikombe kimoja cha hizi na kikombe kimoja cha zile haviwi na uzito sawa. Mwanafunzi aliyefaulu kwa magamba mwezi uliopita akanunua punje mwezi huu, akachota vilevile, huwa amezidisha bila ya kujua, kisha akalaumu mafuta, au maji ya bomba, au jicho la jirani.

Wengine husema wanapima, na kweli wanapima, ila kwa mizani isiyowafaa. Mizani ya buchani inayotosha kwa kilo ya nyama haitoshi kwa gramu mia moja na thelathini za kostiki, kwa kuwa kosa la gramu ishirini na tano, ambalo mla nyama halioni, ni karibu moja ya tano ya kostiki yote ambayo kilo moja ya mafuta inahitaji. Mizani ndogo ya betri, inayosoma gramu mojamoja, ndicho chombo cha kwanza cha mpishi wa sabuni, na kama fedha ni chache na isubiri hata kisanduku cha mbao, kwa sababu sabuni iliyomiminwa katika boksi la maziwa haipungukiwi kitu.

Tena kuna uzito unaodanganya. Kostiki ina tabia ya kunywa unyevu wa hewa, hata punje zilizoachwa wazi usiku mmoja wa masika huamka zimelowa kama chumvi ya mawe. Na pamoja na unyevu huinyonya hewa ya kaboni, ikarudi polepole kuwa magadi. Sasa fikiri gunia lililofunguliwa dukani, likachotwa kidogokidogo kwa wiki nyingi, kila kilo ikatiwa katika mfuko mwembamba: mnunuzi wa mwisho hulipa bei ya kostiki akapewa kostiki, maji na magadi kwa pamoja, na mizani yake, ijapokuwa ni ya kweli, humpimia vitu vitatu kana kwamba ni kimoja. Sabuni yake hutoka laini, yenye mafuta juu. Mara ya pili, kwa kujifunza kutokana na yaliyompata, huongeza kiasi. Na kama bahati yake imempa safari hii kostiki mpya kutoka pipa lililofungwa, sabuni hiyo ya pili humchubua mikono. Nimewaona watu walioiacha kazi hii kabisa baada ya mzunguko huo mmoja, wakiamini ya kuwa hawana mkono wa sabuni, na kumbe kosa lilikuwa la mfuko usiofungwa.

Lakini hata mwenye mizani nzuri na kostiki kavu hajasalimika mpaka ajue mafuta yake. Kilosa ni mji wa reli, na reli ya kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, ndiyo inayouunganisha na nchi ya mawese upande mmoja na pwani ya minazi upande wa pili. Mashamba ya wilaya yanatoa alizeti na ufuta, na kituo cha utafiti wa kilimo cha Ilonga kipo kilomita chache tu kutoka mjini. Wafugaji nao huleta ng'ombe, na penye machinjio hapakosi shahamu. Mji wenye mafuta mengi ni mji wenye hesabu nyingi, kwa kuwa kila mafuta yana kiasi chake cha kostiki yanachokidai. Kilo moja ya mafuta ya nazi huhitaji takriban gramu 183 ili yageuke sabuni yote, mafuta ya mise, yaani ya kokwa ya mchikichi, gramu 176 hivi, mawese gramu 141, shahamu ya ng'ombe 140, alizeti na ufuta kama 134, nyonyo 128. Hizo ndizo kadiri za juu kabisa, na mpishi mwangalifu hupunguza humo sehemu tano katika mia ili mafuta kidogo yabaki bila kuguswa, yawe akiba ya kuilinda ngozi na kufidia kosa dogo la mizani. Zile chembe ambazo binti alizirudisha koponi mbele ya bibi ndizo hizo sehemu tano.

Tazama sasa yanayompata mtu aliyepewa kanuni na rafiki yake wa Tanga, anayetumia nazi tupu. Kilo kumi za nazi, baada ya kupunguza, zataka gramu 1,740 hivi. Mtu wetu hana nazi, ana alizeti, akaona mafuta ni mafuta, akatia gramu zilezile. Alizeti yake kilo kumi haiwezi kula zaidi ya gramu 1,340. Gramu 400 zinabaki katika sabuni zikiwa kostiki tupu, karibu nusu kilo ya moto ndani ya miche inayong'aa na kupendeza macho. Akigeuza, akatia kiasi cha alizeti katika nazi, hataungua mtu, lakini karibu thuluthi ya mafuta yatabaki mafuta, na sabuni itakuwa ya kuteleza, yenye kuvunda baada ya muda. Wala hili si jambo la nadra, kwa kuwa mafuta hubadilika kwa sababu zisizokuwa za mpishi: bei hupanda, msimu hupita, au njia hufungwa, kama mto Mkondoa ulivyofurika mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010, ukawatoa maelfu ya watu majumbani mwao katika mji huu na kuing'oa reli kuelekea Gulwe. Aliyeandika daftarini mwake kiasi cha kostiki bila ya kuandika kando yake jina la mafuta ameandika nusu ya sentensi.

Hapa bibi yangu alikuwa na hoja ambayo sina budi kuitendea haki, kwani yeye alijifunza sabuni katika miaka ya mwanzo ya 1980, siku zile sabuni ilipopangiwa foleni madukani, na wengi wakafulia majani ya mpapai. Na katika sabuni ya siku zile, asema, hakuna aliyepima gramu wala hakuna aliyeungua. Yumkini asema kweli. Mapishi ya kienyeji yalikuwa ya kuchemsha, tena mengi yalikuwa ya maji ya majivu, ambayo ukali wake ni mdogo na sabuni yake ni laini. Na aliyetaka sabuni ngumu alitia chumvi ya kutosha chunguni, sabuni ikapanda juu ikajitenga, na maji yaliyobaki chini, pamoja na kostiki yote iliyozidi, yakamwagwa. Viwanda vikubwa hata leo hufuata asili ya njia hiyo. Njia ile ilikuwa na mlango wa kutokea. Ilhali njia ya baridi, ambayo ndiyo ifundishwayo sasa katika vikundi na semina kwa sababu haitaki kuni wala siku nzima ya kusimama motoni, haina mlango: kila kilichoingia ndooni kitatoka ndani ya mche, glisirini yake, akiba yake ya mafuta, na kostiki yake iliyozidi kama ipo. Kwa hiyo uzoefu wa bibi ni sahihi kwa chungu chake, na ni hatari kwa ndoo ya binti, na wengi wanaowafundisha wanawake wetu hawaitaji tofauti hii.

Kuhusu kuyeyusha nitasema kwa ufupi zaidi, isipokuwa katika jambo moja. Kostiki hutiwa katika maji, kidogokidogo huku yakikorogwa, na maji hayamiminwi juu ya kostiki hata kwa dharura, kwa sababu hapo maji machache hukutana na kostiki nyingi, joto likapanda kwa ghafula, na mchanganyiko ukaruka usoni. Maji yawe baridi. Kilo moja katika lita mbili za maji hutoa joto la kukaribia kuchemka bila ya jiko, na katika mchana wa Kilosa ni vyema kazi hii ifanywe alfajiri, nje, mtu akisimama upande unakotoka upepo. Jambo moja nililolitenga ni sufuria. Nyumba zetu zimejaa sufuria za alumini, na kostiki huila alumini kama mchwa ulavyo ubao, ila kwa kasi: maji hutokota, chombo hutoboka, na hewa inayotoka ni haidrojeni, ambayo ikikutana na moto wa jiko la jirani huwaka. Nami niliwahi kuipoteza sufuria ya mke wangu kwa njia hiyo, katika majaribio yangu ya kwanza, nikiwa nimesoma kila kitu isipokuwa kitako cha chombo nilichokishika. Nilichopata ni maji meusi, tundu la ukubwa wa sarafu, na wiki mbili za kukumbushwa kila chakula kilipoandaliwa. Ndoo ngumu ya plastiki yafaa, chuma cha pua chafaa, na mwiko wa mti wavumilika ingawa mwishowe hulika.

Kuna kifaa ambacho mafundi wa sabuni wa Tanzania wanakipenda, nacho ni haidromita, kijiti cha kioo kinachoelea katika maji ya kostiki na kuonyesha uzito wake, na kanuni iliyoenea ni kwamba isome 1250. Kanuni hii si mbaya. Maana yake ni maji yaliyozidi maji matupu kwa robo ya uzito, ambamo lita moja ina kostiki ya gramu 285 hivi, na mwenye kujua hivyo anaweza kupima kwa lita na bado akajua gramu zake. Makosa yanaingia kwa njia mbili. Ya kwanza ni haraka: maji yenye moto ni mepesi, kwa hiyo haidromita iliyotumbukizwa kabla hayajapoa husoma chini ya ukweli, mwanafunzi akaongeza kostiki ili afikie 1250, na yakipoa usiku, ukali wake huwa umepita alipokusudia, ndiyo sababu mafundi husema kostiki ilowekwe siku nzima, ingawa wengi wao hudhani kulala huko ndiko kunakoipikisha. Ya pili ni kudhani ya kuwa 1250 ndicho kipimo chenyewe. Haidromita hueleza ukali wa maji tu, wala haijui umeweka mafuta ya nazi au ya alizeti, na maji yaliyo sahihi kabisa yakimiminwa kwa wingi usio sahihi huleta sabuni ileile ya kuchubua.

Sasa mwili wa mtu. Mvuke hukereketa kifua, tone huruka, na miguu iliyovaa kandambili ndiyo iliyo karibu zaidi na ndoo. Glavu za mpira, miwani ya kufunika macho na viatu vya kufunika vidole si fahari, ingawa wapishi wengi huviona kama mavazi ya kupigia picha siku mgeni rasmi anapokuja. Kuungua kwa kostiki hakufanani na kuungua kwa maji ya moto, na hapa ndipo hila yake ilipo: mara nyingi mwanzoni hakuumi, mtu husikia utelezi tu baina ya vidole, kama aliyeshika sabuni, na hakika ndivyo ilivyo, kwa kuwa mafuta ya ngozi yake yameanza kugeuka sabuni. Maumivu huja baadaye, kostiki ikiwa imekwisha kuingia ndani. Utelezi ndio ukelele wa kwanza, na atakayeungoja uchungu amechelewa.

Katika kutibu, kosa mashuhuri ni siki. Mtu amesoma ya kuwa asidi huua alkali, basi ameiweka chupa ya siki, au ndimu iliyokatwa, kando ya ndoo, na tone likimpata hukimbilia huko. Wengine hupaka asali, yai au dawa ya meno. Dakika zinazopotea katika kuitafuta siki ndizo zilizokuwa na thamani kuliko zote, na kukutana kwa asidi na alkali juu ya nyama mbichi huzaa joto jingine. Dawa ni maji, mengi, yanayotiririka, kwa muda wa nusu saa au kupita, baada ya kupangusa chembe kavu na kuvua nguo iliyolowa. Na ikiwa ni jicho, lifumbuliwe kwa nguvu na kuoshwa mfululizo kisha hospitali, hata kama mgonjwa asema amepoa. Kwa hiyo mtaani ambako maji ya bomba hutoka kwa zamu, kostiki haifunguliwi mpaka ndoo mbili za maji safi zimejaa pembeni, na siki ibaki ya kufutia sakafu.

Nimechelewesha kulitaja lile ambalo linanitia huzuni, kwa sababu halimhusu mpishi mwenyewe. Maji ya kostiki yaliyobaki ni meupe kama maji ya kunywa, na chombo kilicho karibu, katika nyumba yoyote ya Tanzania, ni chupa ya plastiki iliyokuwa ya maji au ya soda. Mtoto mwenye kiu hawezi kutofautisha. Funda moja hutosha kuunguza umio, na umio unaopona huweza kupona kwa makovu yanayouziba, hata mtoto akashindwa kumeza uji, akaishi kwa kupanuliwa koo hospitalini miezi na miaka. Madaktari wa watoto wa Afrika Mashariki wanaujua msiba huu vizuri mno. Na wazazi, kwa mapenzi, humtapisha, nako kumtapisha ni kuipitisha kostiki mara ya pili katika njia ileile iliyokwisha kuungua. Nchi ina sheria ya kemikali za viwandani na majumbani tangu 2003, na Mkemia Mkuu wa Serikali ndiye msimamizi wake, lakini hakuna sheria inayoweza kuifuata kostiki mpaka uvunguni mwa kitanda. Ninaloweza kusema ni kwamba mpishi ayeyushe kiasi cha kazi ya siku ile tu, na akibakiza, kibaki katika chombo ambacho hakijapata kuwa cha kinywaji, kilichofungwa, kikaandikwa kwa wino mkubwa, na kikapandishwa juu.

Baada ya kumiminwa, sabuni ya baridi huendelea kufanya kazi yake kwa siku moja au mbili, na humo kostiki karibu yote huisha. Wiki nne au sita zinazofuata ni za kukauka zaidi kuliko za kupoa ukali. Hili huwachanganya waanzao, nao huiwekea sabuni kali tumaini la kwamba ikikaa sana itapona. Haitapona, ikiwa gramu zilizidi. Vumbi jeupe linalotokea juu ya miche, ambalo wengi huliogopa wakidhani ni kostiki inayotoka, kwa kawaida ni magadi tu yaliyofanyika kwa hewa, hukwanguliwa na kazi ikaendelea. Bali vidimbwi vya maji yanayoteleza ndani ya mche uliokatwa ni ishara nyingine, na hiyo ndiyo ya kuogopwa. Mafundi hugusa sabuni kwa ncha ya ulimi baada ya siku mbili au tatu, na ikiwa inapiga kama betri, kostiki ingalimo. Sabuni ya namna hiyo haihitaji kutupwa: hukwanguliwa, ikayeyushwa kwa moto mdogo na maji kidogo, ikaongezwa mafuta yaliyohesabiwa, mradi mpishi aliandika alichokitia. Asiyeandika hana cha kuhesabia, na sabuni yake itaishia kusugulia sakafu, tena kwa glavu.

Binti wa Magomeni aliziacha zile chembe koponi, akamaliza kazi yake. Wiki ya sita alimpelekea bibi mche mmoja, na bibi akaufulia kanga mbele yake, akaigeuza kanga huku na huku mwangani pasipo kusema neno, ingawa nilimwona akiunusa mche na kuuweka juu ya dirisha lake badala ya ndani ya beseni la nguo. Ijumaa iliyofuata akamtuma mjukuu na kikaratasi. Mawese hayakuwapo sokoni, amepata alizeti lita sita. Ametafuta uzito wake kwenye mizani ya duka, imesoma kilo tano na nusu. Je, atie kostiki ngapi? Binti akaandika nyuma ya kikaratasi kilekile: gramu 700, na mizani yangu anayo mtoto, muifungue kwa mkono mkavu.